Kadi ya Baba Iko Wapi?

SEHEMU YA KWANZA: Baba wa chini ya mwembe

 

Leo siongelei homa ya mtoto wala maziwa ya mama. Leo nataka tuongee historia. Msikimbie jamani! Ni historia inayoishia nyumbani kwako, pale pale sebuleni.

Naanza na kisa changu mwenyewe, maana bila hicho nisingehangaika kuisoma hii historia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kliniki ya mama na mtoto, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Kulikuwa na mama mmoja, mimba ya tatu, hakosi hudhurio hata moja. Analetwa na mumewe kwa pikipiki. Mume ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mwili umejaa kidogo, mcheshi, kicheko chake kinasikika hadi chumba cha sindano. Anamshusha mke, anaegesha pikipiki chini ya mwembe, anakaa kwenye benchi kusubiri.

Sisi ndani tunampima mama presha, mkojo, uzito, wingi wa damu. Tunasikiliza mapigo ya moyo ya mtoto tumboni. Kila kitu kinaandikwa kwenye kadi. Mama akajifungua salama, zamu ikahamia kwa mtoto: mzani, chanjo, kadi. Baba bado yuko chini ya mwembe.

Nikijumlisha mahudhurio ya mimba na ya mtoto, yule baba alikaa pale si chini ya mara kumi. Kutoka kwenye lile benchi hadi kwenye mashine ya presha ni hatua kama ishirini. Hakuna hata mmoja wetu, na mimi nikiwemo, aliyewahi kutoka nje akamwambia, "Baba, hebu nipe mkono tukupime."

Mtoto alipofika miezi saba, mama alikuja peke yake kwa miguu. Nikamtania, "Dereva wako leo kakukimbia?" Akanijibu taratibu tu kwamba baba ameanguka bafuni wiki mbili zilizopita. Mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, maneno hayatoki. Ndugu wengine walishaanza kusema katupiwa kitu. Hospitali walipompima, presha ilikuwa 220 kwa 130. Hakuwahi kuambiwa kama ana presha, kwa sababu hakuwahi kupimwa.

Nikampima mtoto uzito. Umepanda vizuri kabisa. Nikaandika kwenye kadi, lakini mkono wangu siku hiyo ulikuwa mzito.

Toka siku ile nimebaki na swali moja. Imekuwaje mtoto wa miezi saba ana kadi iliyojaa, na baba anayemlisha hana hata karatasi moja? Nilidhani jibu ni uzembe wetu tu. Uzembe upo, sikatai. Ila nilipoanza kusoma nikakuta jibu ni refu kuliko hapo. Twende pamoja.

SEHEMU YA PILI: Daktari asiyeshika kisu

Wengi mkisikia "daktari bingwa" mnamfikiria yule wa upasuaji, au wa akina mama, au wa watoto. Kuna mwingine ambaye hatajwi sana: daktari wa magonjwa ya ndani. Huyu ni wa watu wazima. Hapasui. Kazi yake ni presha, sukari, moyo, figo, ini, mapafu, na yale maumivu ambayo umezunguka nayo vituo vitatu na hakuna aliyekwambia ni nini. Anauliza maswali mengi, anagusa, anasikiliza, anapima, kisha anafikiri.

Jina "magonjwa ya ndani" wamelianzisha zaidi Wajerumani. Mwaka 1882 madaktari wa Ujerumani walifanya kongamano lao la kwanza la magonjwa ya ndani, mji wa Wiesbaden. Walitaka kuonyesha kwamba kujua kinachoendelea ndani ya mwili bila kuufungua ni fani inayosimama yenyewe.

Na vifaa vyao vikuu vilikuwa nini? Vile vile unavyoviona zahanati kwenu. Kile cha kusikilizia kifua kilianza Paris mwaka 1816. Daktari René Laennec aliletewa binti mgonjwa wa moyo, akaona haya kuweka sikio lake kifuani kwa yule binti, ndivyo walivyokuwa wakifanya enzi hizo. Akakunja karatasi ikawa kama bomba, akaweka upande mmoja kifuani na mwingine sikioni. Akasikia vizuri kuliko alivyowahi kusikia. Yaani haya ya mwanaume mmoja mbele ya binti imetupa kifaa ambacho dunia nzima inakitumia!

Mashine ya presha ilikuja baadaye. Mwaka 1896, Muitaliano Scipione Riva-Rocci alitengeneza mpira wa kufunga mkononi na kujaza upepo, huku zebaki ikipanda kwenye kioo. Ila alikuwa anapata namba ya juu tu. Mwaka 1905, Mrusi Nikolai Korotkov akaongeza jambo dogo lakini kubwa: weka kile kifaa cha Laennec kwenye kiwiko, achia upepo taratibu, sikiliza. Mlio ukianza, hiyo ni namba ya juu. Ukipotea, ni namba ya chini. Ndiyo ile "120 kwa 80" tunayokuandikia.

Sasa sikieni. Kufikia 1905 dunia ilishajua kuipima presha. Ila kujua kupima ni jambo moja, na kujua namba ina maana gani ni jambo lingine. Hapo ilichukua zaidi ya miaka hamsini, na watu wengi walikufa katikati. Mmoja wao alikuwa mtu mwenye madaraka kuliko karibu wote duniani.

SEHEMU YA TATU: Rais na daktari wa pua

Franklin Roosevelt alikuwa Rais wa Marekani kuanzia 1933 hadi 1945. Alikuwa na daktari wake, Ross McIntire, wa jeshi la majini. McIntire alikuwa bingwa wa masikio, pua na koo. Si kosa, maana rais alikuwa anasumbuliwa sana na mafua na matatizo ya pua, hivyo daktari huyu alikuwa karibu naye kila mara.

Presha ilikuwa inapimwa mara moja moja na kuandikwa. Hebu zitazameni hizi namba kama mnavyotazama kadi ya mtoto. Mwaka 1935: 136 kwa 78. Mwaka 1937: 162 kwa 98. Mwaka 1941: 188 kwa 105. Leo mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza akiona mstari huo atashtuka. Enzi hizo madaktari wengi waliamini presha hupanda kwa sababu mwili unaihitaji, kwamba mishipa ikikakamaa na umri, damu lazima isukumwe kwa nguvu zaidi. Walifika mahali wakaiita presha ya lazima! Kuishusha wakaona ni kumdhuru mgonjwa.

Mwanzoni mwa 1944 rais akawa anachoka, anakohoa, anahema, midomo inabadilika rangi. Na nani aliyestuka? Si daktari. Ni binti yake, Anna, aliyekuwa amerudi kuishi na baba yake. Anna ndiye aliyemshikilia daktari, baba apimwe vizuri. Hapo mabinti na wakwe mniskilize: msijione hamna kazi kwenye afya ya wazee wenu.

Mwezi Machi 1944 akapelekwa hospitali ya jeshi la majini ya Bethesda, kwa daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn. Bruenn alifanya kile ambacho daktari wa magonjwa ya ndani hufanya: akakaa, akagusa, akasikiliza. Moyo umetanuka. Mapafu yana maji. Presha 186 kwa 108. Alikuta mtu mgonjwa hasa, ambaye watu wake walikuwa wakisema ana mafua na uchovu.

Bruenn baadaye aliandika kwamba rais hakumuuliza chochote kuhusu ugonjwa wake. Alikunywa dawa alizopewa, akakubali kupunguza chumvi, sigara na kazi, basi. Na Bruenn alikuwa ameagizwa asimwambie. Wananchi nao wakaambiwa rais yuko vizuri. Mwezi Novemba mwaka huo akagombea tena, akashinda.

Dawa zilizokuwepo hazikuweza kuishusha presha ile. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa mapumzikoni Warm Springs, jimbo la Georgia, alilalamika kichwa kinamuuma vibaya sana, akapoteza fahamu. Bruenn alipompima, presha ilikuwa imevuka 300. Mshipa ulikuwa umepasuka kwenye ubongo. Akafariki siku ile ile, akiwa na miaka 63.

Nilipomaliza kusoma kisa hiki nilimkumbuka yule baba wa pikipiki. Mmoja ni rais, mwingine ni bodaboda. Mmoja alipimwa bila kufuatiliwa, mwingine hakupimwa kabisa. Wote wawili walikuwa karibu na wahudumu wa afya, ila kila mhudumu alikuwa anaangalia sehemu yake. Yule anaangalia pua, mimi naangalia mimba. Aliyekosekana ni mtu wa kumwangalia mtu mzima, mzima mzima.

SEHEMU YA NNE: Mwaka 1967 ulikuwa na habari mbili

Miaka mitatu baada ya Roosevelt kufariki, mwaka 1948, Wamarekani walianza utafiti kwenye mji mmoja mdogo wa Massachusetts unaoitwa Framingham. Waliandikisha wanaume na wanawake 5,209 na kuwapima kila baada ya miaka miwili. Si wagonjwa. Ni watu wa kawaida, wenye kazi zao na watoto wao. Wazo lilikuwa rahisi: tuwafuate tangu wakiwa wazima tuone nani ataumwa moyo, na alikuwaje kabla.

Mnaona inavyofanana na kliniki ya watoto? Mtu mzima haumwi, lakini anakuja, anapimwa, inaandikwa, anarudi. Kufikia 1961 majibu yalikuwa wazi. Presha ya juu haikuwa ya lazima wala ya kawaida. Ilikuwa inatangulia magonjwa ya moyo, tena kwa watu wanaojisikia wazima kabisa.

Mwaka 1958 kikaja kidonge kipya cha kutoa maji na chumvi mwilini kupitia mkojo, ambacho kilishusha presha na watu wakaweza kukivumilia. Ndugu zake bado wako kwenye madirisha yetu ya dawa mpaka leo. Kisha daktari Edward Freis akakusanya wanajeshi wastaafu wenye presha kubwa, kundi moja likapewa dawa za kweli, jingine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yakatangazwa mwaka 1967. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba isingekuwa haki kuendelea kuwanyima dawa wale wengine. Waliomeza dawa waliokolewa na kiharusi, na moyo na figo kushindwa kazi. Wasiomeza, ndio yaliyowapata.

Basi mwaka huo huo wa 1967, huku kwetu nini kilitokea? Tarehe 5 Februari, Azimio la Arusha.

Na hapa naomba tuwe wa haki. Wakati tunapata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alikuwa akisema nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Kumi na wawili kwa nchi nzima! Chuo cha madaktari Dar es Salaam kilianza mwaka 1963. Vijijini mtu alikuwa anatibiwa na dresa, yule mfunga vidonda wa tangu enzi ya Mwingereza, mwenye mafunzo mafupi, dawa chache na moyo mkubwa. Bibi zenu wanawakumbuka. Wengi waliwaita daktari, na kwa kweli kwa kijiji kile ndiye aliyekuwa daktari.

Baada ya Azimio, na hasa kuanzia 1972, serikali ikaamua fedha ziende vijijini: zahanati, vituo vya afya, waganga wasaidizi wa vijijini waliosoma miaka mitatu baada ya darasa la saba. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ukaanza mpango wa taifa wa chanjo. Na Septemba 1978 dunia ilipokutana Alma-Ata, kule Kazakhstan, ikatangaza afya ya msingi kuwa njia ya kufikia afya kwa wote, mengi waliyoyasema huku kwetu yalishaanza kufanyika.

Tabibu unayemkuta zahanati leo ni mrithi wa historia hiyo. Usimdharau kwa sababu si bingwa. Nchi haikuwa na uwezo wa kusubiri mabingwa ndipo ianze kutibu watu.

Ila sasa angalieni zahanati ile ilijengwa kwa ajili ya nani. Surua, kuhara, malaria, pepopunda ya watoto wachanga, akina mama wanaofia kwenye uzazi. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vinajaza makaburi. Kule Alma-Ata wakataja mambo ya msingi manane, yakiwemo lishe, maji safi, afya ya mama na mtoto, chanjo, dawa muhimu. Presha haikutajwa kwa jina lake, wala sukari.

Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja, 1967, dunia ilipata uthibitisho kwamba presha inatibika, na sisi tukaanza safari ya kujenga zahanati. Hizo habari mbili hazikukutana. Na walioamua vile hawakukosea. Waliokoa watoto, na mimi na wewe inawezekana ni miongoni mwao. Kosa ni letu sisi wa leo, tukidhani ile nyumba imekwisha kujengwa.

SEHEMU YA TANO: Kilichookoa watoto ni ile kadi

Nirudi kwenye kadi ya mtoto, maana siri yote iko pale.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari wa Kiingereza, David Morley, alikuwa akifanya kazi kijiji cha Imesi, magharibi mwa Nigeria. Aliona watoto wanaletwa wakiwa hoi, utapiamlo umeshawamaliza. Akajiuliza, kwa nini hatukuwaona mapema? Akatengeneza kadi yenye mistari ya uzito. Kila mwezi unaweka nukta. Nukta zikipanda, mtoto yuko njiani. Zikilala au kushuka, kuna jambo, hata kama mtoto bado anacheza.

Ila jambo kubwa zaidi alilofanya Morley ni hili: kadi haikubaki kwenye kabati la kliniki. Akampa mama aende nayo nyumbani. Mama anaitunza, mama anaiona, mama anajua. Wapo waliodhani akina mama watazipoteza. Wapi! Akina mama walizitunza. Nyie wenyewe mnajua mlipoziweka, kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Kadi ile imefanya mambo matatu. Imeleta mtu kituoni kabla hajaumwa. Imeweka kumbukumbu, hivyo nesi wa leo anaona alichoona nesi wa mwezi jana. Na imempa mwenye mwili, au mzazi wake, nguvu ya kujua.

Sasa mtazameni mtu mzima. Anakuja akiumwa. Anakuja na daftari jipya alilonunua getini, la zamani limepotea au watoto wamelichorea. Anapewa dawa ya kichwa, anaondoka. Mwaka kesho anarudi na daftari jingine. Namba zake zimetawanyika kwenye madaftari matano, hakuna aliyewahi kuzipanga kwenye mstari mmoja kama nilivyowapangia zile za Roosevelt.

Na gharama yake tunaijua. Kuanzia mwaka 1992 ulifanyika utafiti mkubwa Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini. Watu walipita nyumba hadi nyumba, penye msiba wanakaa na ndugu na kuuliza taratibu marehemu aliumwaje. Ilipokuja hesabu ya kiharusi, ilionekana watu wa kuanzia miaka 15 hadi 64 walikuwa wanakufa kwa kiharusi mara kadhaa zaidi ya watu wa umri huo Uingereza na Wales. Hao si vikongwe. Ni watu wenye watoto wa shule. Na watafiti walioandika waliinyooshea kidole presha isiyotibiwa.

Mwaka 2012 ukafanyika upimaji wa kitaifa kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Karibu mtu 1 kati ya 4 alikutwa na presha ya juu. Hesabu watu wazima wanne nyumbani kwako. Mimi kwetu nilipohesabu nikasimama kwa mjomba.

SEHEMU YA SITA NA YA MWISHO: Hebu nipe mkono

Mtaniuliza, "Nesi, sasa sisi tufanye nini? Daktari wa magonjwa ya ndani yuko mkoani huko, sisi tuko kijijini." Ndiyo, mabingwa ni wachache na wengi wako hospitali kubwa. Ila sehemu kubwa ya kazi ya daktari yule, kwa presha, ni mambo ambayo tabibu wa zahanati na nesi wanaweza kuyaanza: kupima, kuandika, kuwarudisha watu, na kujua nani wa kumpa rufaa. Kilichobaki kiko mikononi mwenu. Naandika kwa namba ili msome vizuri.

1. Hudhurio lijalo la mtoto, baba akikuleta, usimwache chini ya mwembe. Mwingize. Mwambie nesi, "Naomba na huyu apimwe presha." Haichukui dakika tano. Akae kwanza, apumzike, asiwe ametoka kuvuta sigara wala kunywa kahawa, na mkono upumzike mezani.

2. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, usitishike, ila usipuuzie. Arudi siku nyingine apimwe tena. Ikirudia hivyo, hiyo ni presha na ina matibabu. Ikifika 180 kwa 120, huyo aonwe siku hiyo hiyo. Kama kuna kichwa kuuma sana, kifua kubana, kuona maruweruwe au kuhema, ni dharura, asirudi nyumbani kwanza.

3. Msisubiri kichwa kuuma ndiyo mpime. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili yoyote. Yule baba alikuwa anacheka hadi siku moja kabla.

4. Wewe mama uliyepata presha au kifafa cha mimba, nisikilize vizuri. Wengi mnadhani ukishajifungua imeisha. Ule mwili wako umekupa taarifa mapema: una uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha huko mbele. Kadi ya mimba ikifungwa, wewe usijifunge. Pima angalau mara moja kwa mwaka.

5. Dawa za presha haziponyi, zinashikilia. Ukiona namba imeshuka ni kwa sababu unameza. Kuacha kwa kuwa unajisikia vizuri ni sawa na kuvua mwavuli katikati ya mvua kwa kuwa hujalowa. Na dawa ya jirani si yako. Ikikushinda kwa sababu yoyote, rudi useme, zipo nyingine.

6. Chumvi. Tuanze na ile ya kunyunyizia mezani, itoke. Mtoto mnamfundisha kula, na baba atafuata.

7. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakigoma, hata kama imepita baada ya muda mfupi, ni hospitali moja kwa moja. Angalia saa, kumbuka imeanza saa ngapi, utaulizwa. Usimpe chakula wala dawa mdomoni. Maombi mnaweza kufanya mkiwa njiani kwenye gari.

8. La mwisho ndilo kubwa. Chukua daftari moja dogo, andika juu jina la baba. Jingine la bibi. Jingine lako. Tarehe, namba ya juu, namba ya chini, dawa anayotumia. Weka kwenye ule mfuko wa kadi ya mtoto. Basi. Hiyo ndiyo kadi yao, tumeianza wenyewe.

Na sisi manesi tunaosoma hapa, tutoke nje ya milango yetu. Siku hizi nikiwa zamu ya kliniki, nikimaliza akina mama natoka na mashine hadi kwenye benchi. Mwanzoni akina baba walicheka, mmoja akaniuliza kama na yeye ana mimba. Nikamwambia, "Hebu nipe mkono, tutajua." Ilikuwa 168 kwa 104. Hakucheka tena. Alirudi wiki iliyofuata, ikawa vile vile, akaonana na tabibu, na mpaka leo anameza dawa zake. Mkewe ndiye anayetunza daftari.

Yule baba wa mwanzo nilimwona tena. Anatembea na fimbo, maneno yanatoka kidogo kidogo. Pikipiki iliuzwa. Mama anauza vitumbua asubuhi, na mtoto wao ameshaanza shule. Nilimsalimia, akanipa mkono wa kushoto. Nilimwomba radhi. Sijui kama alinielewa ninamwomba radhi kwa lipi, ila aliushika mkono wangu kwa muda mrefu.

Mwenye swali aulize, nitajibu nikitoka zamu. Kesho asubuhi, kabla chai haijapoa, muulize mtu mzima mmoja nyumbani kwako: "Mara ya mwisho kupima presha ilikuwa lini?" Akikaa kimya kidogo kabla ya kujibu, umeshapata jibu. Mpeleke.

Usiku mwema. Nesi wenu.